Izaak Walton: Baba wa wavuvi aliyemwachia mwanawe kalamu

Na Mwandishi Wetu

KATIKA Kanisa Kuu la Winchester, kusini mwa Uingereza, kuna kikanisa cha pembeni ambacho wavuvi hukiendea kama watu wanaozuru kaburi la babu yao. Hapo amezikwa Izaak Walton, muuza vitambaa wa London aliyefariki dunia Desemba 15, 1683, akiwa na umri wa miaka 90.

Dirisha la vioo vya rangi lililo juu ya kaburi hilo liliwekwa mwaka 1914 kwa michango ya wavuvi wa Uingereza na Marekani. Linamwonyesha mzee huyo ameketi kando ya mto, na mkononi ana kitabu. Anasoma, havui.

Aliyechora picha hiyo, kwa kujua au kwa kutokujua, aligusa jambo ambalo wengi wanaomwita Walton baba wa wavuvi wa trauti hawapendi kulikumbuka. Kitabu chake, The Compleat Angler, kilichotoka mwaka 1653, kimechapwa upya mamia ya mara na kimemfanya kuwa mvuvi mashuhuri kuliko wote katika lugha ya Kiingereza. Lakini kuhusu ule uvuvi unaoheshimiwa zaidi, wa kumnasa trauti kwa nzi wa bandia, Walton hakuwa bingwa. Alilijua hilo, akalikiri, na alipofikisha miaka 82 alimwachia mtu mwingine kalamu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kumwona, trauti ni samaki wa maji baridi, mwenye madoadoa ubavuni, anayeishi katika mito ya mwendo wa kasi yenye hewa nyingi majini. Si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Waliomo katika mito ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya ni kizazi cha samaki walioletwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, wakati walowezi walipotaka burudani ya kwao iwafuate hadi nyanda za juu.

Trauti hula vijidudu vinavyoelea au kutua juu ya maji. Ndiyo sababu mvuvi huchukua ndoano ndogo, akaivisha manyoya ya ndege, hariri na sufu hadi ifanane na kijidudu hicho, kisha akaitua majini kwa wepesi ili samaki adanganyike. Huyo ndiye nzi wa bandia. Hatumii nyama wala nyungunyungu. Silaha yake ni udanganyifu mtupu, na samaki mwenyewe ana macho makali.

Walton alizaliwa mjini Stafford, katikati ya Uingereza, na kubatizwa Septemba 21, 1593. Baba yake, Gervase, alikuwa na kilabu cha pombe na alifariki mtoto akiwa bado hajatimiza miaka minne. Mama aliolewa tena. Kijana alipopata nguvu alipelekwa London kujifunza biashara ya vitambaa kwa shemeji yake, Thomas Grinsell.

Mwaka 1618 alipokewa kuwa mwanachama kamili wa chama cha wafanyabiashara wa vyuma. Ndivyo mambo yalivyokuwa London ya siku zile: mtu aliweza kuwa mwanachama wa wauza vyuma huku dukani kwake akipima vitambaa. Duka lake lilikuwa eneo la Fleet Street, karibu na kanisa la Mtakatifu Dunstan, na ujirani huo ndio uliomfungulia mlango ambao elimu yake ndogo isingeweza kuufungua.

Kuanzia mwaka 1624 kasisi wa kanisa hilo alikuwa John Donne, mshairi na mhubiri aliyevuma kuliko wenzake wote. Muuza vitambaa akawa muumini wake, kisha rafiki yake. Kupitia kwake aliwafahamu wasomi na maaskofu, akiwamo Sir Henry Wotton, balozi wa zamani aliyekuwa mkuu wa shule ya Eton, ambaye naye alipenda kukaa na ufito wake kando ya Mto Thames.

Wotton alikusudia kuandika maisha ya Donne na akamwomba Walton amkusanyie habari. Mwaka 1639 Wotton alifariki kazi ikiwa haijaandikwa. Walton aliiandika mwenyewe, ikatoka mwaka 1640 mbele ya kitabu cha hotuba za Donne. Baadaye aliandika maisha ya Wotton, ya Richard Hooker, ya mshairi George Herbert na ya Askofu Robert Sanderson. Wapo wanaoamini kwamba hata asingewahi kushika ndoano, jina lake lingebaki kwa vitabu hivyo.

Nyumbani kwake, hata hivyo, mambo hayakuwa ya heri. Mwaka 1626 alimwoa Rachel Floud, wa ukoo wa Askofu Mkuu Thomas Cranmer. Walizaa na kuzika, wakazaa tena na kuzika tena. Hakuna hata mtoto mmoja wa ndoa hiyo aliyefikia utu uzima. Mwaka 1640 Rachel mwenyewe akafariki. Mwaka ule ule Walton aliopata sifa ya uandishi ndio uliomwacha katika nyumba tupu.

Kisha vikaja vita. Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake walipoanza kupigana mwaka 1642, Walton alisimama upande wa mfalme na maaskofu, yaani upande uliokuja kushindwa. Kitabu cha sala alichokizoea kilipigwa marufuku, marafiki zake makasisi wakafukuzwa parokiani, na Januari 30, 1649 mfalme akakatwa kichwa hadharani. Walton alikuwa ameoa tena, safari hii Anne Ken, dada wa baba mmoja wa Thomas Ken aliyekuja kuwa askofu. Mtoto wao wa kiume wa kwanza alikufa akiwa mchanga. Binti, Anne, na mwana mwingine aliyepewa jina la Isaac ndio waliopona.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha kwamba mzee huyu hakuwa mpole wa kukaa kando tu. Septemba 3, 1651 jeshi la Charles wa Pili lilisambaratishwa katika vita vya Worcester. Katika kukimbia, kito cha heshima cha mfalme huyo kilifichwa na Kanali Blague huko Staffordshire, kikapita mkono kwa mkono hadi kikamfikia Walton. Akiwa na umri wa miaka 58, alikibeba hadi London na kumkabidhi kanali huyo, ambaye wakati huo alikuwa mfungwa ndani ya ngome ya Tower. Blague akatoroka, na kito kikarudi kwa mwenyewe ng'ambo. Kama Walton angekamatwa nacho njiani, huenda tusingekuwa na habari ya kuandika.

Miaka miwili baadaye ndipo kitabu cha uvuvi kilipotoka. Kiliuzwa kwa peni 18, sawa na shilingi moja na nusu ya Kiingereza, katika uwanja wa kanisa lile lile la Mtakatifu Dunstan. Jalada halikuwa na jina la mwandishi.

Kilichomo ni matembezi ya siku chache. Mvuvi anakutana na mwenzake wa njiani asubuhi ya mwezi Mei kaskazini mwa London, wanafuata Mto Lea, ambao ni tawi la Thames, na njiani mvuvi anamfundisha mwenzake aina za samaki, makazi yao, chambo chao na namna ya kuwapika. Wanalala katika nyumba za wageni zenye mashuka safi, wanaimba, wanajikinga mvua chini ya mti. Hakuna askari katika kitabu hicho. Hakuna Bunge, hakuna kichwa cha mfalme. Kwa watu wa upande ulioshindwa, waliokuwa wakisoma mwaka 1653 huku Oliver Cromwell akiitawala nchi, ukimya huo ulisema mengi. Mwandishi alikifunga kitabu kwa wito wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike juu ya kuishi kwa utulivu.

Sasa tuje kwenye trauti. Katika sura zinazomhusu, Walton yuko nyumbani anapozungumzia nyungunyungu, dagaa wadogo na panzi hai waliotundikwa ndoanoni na kuninginizwa juu ya maji chini ya kichaka. Anapofika kwa nzi wa bandia, anaanza kuazima. Orodha yake ya nzi 12 ina asili katika kitabu cha zamani kilichochapwa mwaka 1496, na maelekezo mengi ya kurusha aliyapata kwa mvuvi mzoefu Thomas Barker, aliyekuwa amechapisha kijitabu chake mwaka 1651. Walton alimtaja Barker na kumshukuru.

Si wote walioridhika. Richard Franck, aliyekuwa askari wa upande wa Cromwell na mvuvi hodari wa samaki wa mito ya Scotland, alimshambulia kwa kuandika mambo aliyoyasoma vitabuni badala ya aliyoyaona mtoni. Franck alidai kwamba alibishana na Walton uso kwa uso mjini Stafford kuhusu dai kwamba samaki aina ya paiki huzaliwa na majani ya majini, na mzee akaondoka akiwa amenuna. Dai hilo kweli limo kitabuni, na kweli ni la kuchekesha. Katika hilo askari alikuwa na haki.

Pia kuna deni ambalo Walton hakulitaja. Mwaka 1954 kilipatikana kitabu kidogo cha uvuvi kilichochapwa mwaka 1577, ambacho wahusika wake wana majina yale yale aliyoyatumia Walton katika toleo la kwanza, na wanajibizana kwa mtindo unaofanana. Ni vigumu kuamini kwamba hakukisoma. Wanaomtetea husema waandishi wa zama zile waliazimana bila hati. Mwandishi wa makala haya anaona utetezi huo ni wa kweli, lakini haumwondolei mzee deni lake.

Mtu aliyekuja kuliziba pengo la trauti alikuwa Charles Cotton, bwana wa shamba la Beresford kwenye mpaka wa Staffordshire na Derbyshire, aliyezaliwa Aprili 28, 1630. Walton alimzidi miaka 37. Tofauti zao hazikuishia kwenye umri. Mzee alikuwa mtu wa sala na kiasi. Kijana alikuwa mshairi wa mzaha mkali, mpenda kinywaji, mwenye madeni yasiyolipika. Hadithi za huko zinasimulia kwamba kuna pango karibu na nyumba yake alimokuwa akijificha wanaomdai wakija kugonga mlango. Hata hivyo, Cotton alimwita Walton baba, naye Walton akamchukua kuwa mwanawe.

Beresford iko juu ya Mto Dove, na hapo ndipo palipo na maji yanayoeleza kila kitu. Dove huanzia katika nyika ya Axe Edge, ukashuka kwa takriban kilomita 72 hadi kuungana na Mto Trent. Unapita katika mawe ya chokaa, na maji yake ni angavu kiasi cha kuhesabu changarawe chini. Tawi lake, Manifold, pamoja na kijito cha Hamps kinachomwaga maji humo, hupotea chini ya ardhi wakati wa kiangazi na kuibuka tena mbele, kabla ya Manifold kukutana na Dove karibu na kijiji cha Ilam. Ng'ambo ya vilima iko mito ya Wye na Lathkill. Cotton aliyahesabu maji ya Lathkill kuwa masafi kuliko yote aliyoyaona na trauti wake kuwa wazuri kuliko wote Uingereza.

Katika maji ya namna hiyo, ujanja wa Mto Lea hauwezi kutosha. Samaki anamwona mvuvi kabla mvuvi hajamwona yeye. Mshipi mnene unamshtua, kivuli cha ufito kinamkimbiza, nzi aliyefungwa ovyo anapuuzwa. Cotton alikuwa amekulia hapo na aliyajua hayo tangu utotoni.

Mwaka 1674 alijenga nyumba ndogo ya mawe kwenye kona ya mto, mahali pa wavuvi kupumzika na kula. Juu ya mlango alichonga herufi za mwanzo za majina yao mawili, lake na la Walton, zimefumwa pamoja kama kamba.

Mwanzoni mwa mwaka 1676 habari zilimfikia kwamba kitabu cha mzee kilikuwa kikichapwa kwa mara ya tano. Kulikuwa na ahadi ya zamani kati yao kwamba Cotton angeandika sehemu ya uvuvi wa nzi katika maji angavu, na hakuwa ameanza. Akaketi, akaimaliza kwa siku kumi na kitu, na kuitia tarehe Machi 10. Walton alimjibu kutoka London Aprili 29. Alikuwa na miaka 82, na Beresford ilikuwa zaidi ya maili 100 kutoka alipokuwa, lakini alimwambia kwamba angeyasahau yote mawili na kufunga safari mwezi unaofuata.

Sehemu hiyo ya Cotton ndiyo mzizi wa mengi yanayofanywa hadi leo na wavuvi wa trauti. Anamchukua msafiri kutoka kusini, mwanafunzi wa Walton, anayeshuka vilima vya Derbyshire kwa hofu na kushangaa wembamba wa daraja la mawe pale Milldale. Daraja hilo bado linaitwa kwa jina la msafiri yule. Mgeni anatoa nzi aliyefungwa London. Mwenyeji anaomba amtundike dirishani apate kumcheka, kwa kuwa mwili wake ni mnene mno kwa mto kama Dove.

Kisha masomo yanaanza. Ufito uwe mwepesi, wa urefu wa yadi tano hadi sita. Mshipi hufungwa moja kwa moja kwenye ncha, umesokotwa kwa singa za mkia wa farasi, na kadiri unavyomkaribia nzi ndivyo singa zinavyopungua hadi kubaki mbili tu. Kwa Cotton, ambaye hawezi kumtoa trauti wa inchi 20 kwa singa mbili mahali pasipo na vikwazo hastahili kuitwa mvuvi. Mvuvi akae mbali na arushe chembamba.

Manyoya ya kufungia nzi yatazamwe yakiwa kati ya jicho na jua, kwa sababu rangi inayoonekana mezani siyo anayoiona samaki kutoka chini. Na akipatikana samaki wa kwanza, mvuvi apasue tumbo lake aone anakula nini siku hiyo, ndipo achague nzi wa kufanana. Cotton alitaja nzi 65, akawapanga mwezi kwa mwezi. Kati yao alimpa nafasi ya heshima yule mkubwa wa rangi ya kijani na njano anayeibuka kutoka majini mwishoni mwa Mei, ambaye trauti humrukia bila tahadhari.

Walton angeweza kuyachukua maelezo hayo na kuyachanganya katika sura zake mwenyewe, kama alivyofanya kwa ya wengine. Jina kubwa lilikuwa lake na mchapaji alikuwa wake. Aliyaacha yasimame peke yake, kama sehemu ya pili ya kitabu, yenye jina la Cotton. Tangu hapo wengi wamenunua kitabu cha Walton bila kujua kwamba ndani yake wamenunua watu wawili.

Miaka yake ya mwisho aliiishi chini ya dari za maaskofu. Mkewe Anne alifariki Aprili 1662 na kuzikwa katika kanisa kuu la Worcester. Askofu George Morley, rafiki wa siku za dhiki, alipohamishiwa Winchester mwaka huo, alimpa Walton makao. Binti yake aliolewa na kasisi wa kanisa kuu hilo, na mwana akawa kasisi Salisbury. Mto Itchen, unaopita Winchester, nao una maji ya chokaa na trauti wengi.

Agosti 9, 1683, siku ya kuzaliwa kwake, alianza kuandika wosia kwa mkono wake. Aliupiga muhuri aliopewa na Donne zaidi ya miaka 50 kabla. Shamba lake la Halfhead, karibu na Stafford, liliishia mikononi mwa mji huo kwa ajili ya maskini: wavulana wapelekwe kujifunza kazi, msichana asaidiwe kuolewa, na makaa yanunuliwe kwa wasiojiweza mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, majira ambayo aliyaona kuwa magumu kuliko yote. Alifariki miezi minne baadaye, katika majira ya baridi kali yaliyoigandisha Thames.

Karne moja na nusu hivi baadaye mshairi Lord Byron, katika utenzi wake Don Juan, alimtukana kuwa mzee katili na kumtakia ndoano kooni pamoja na trauti mdogo wa kuivuta. Wapenzi wa wanyama bado wanamkumbuka Byron kwa hilo. Wavuvi wanajibu kwamba siku hizi wengi wao humrudisha samaki majini akiwa hai, jambo ambalo Walton, aliyependa trauti wake waliokaangwa, huenda lingemshangaza.

Cotton hakuishi sana baada yake. Mwaka 1681 alikuwa ameshalazimika kuuza Beresford, mto na yote. Mwaka 1685 alitoa tafsiri ya insha za Montaigne iliyosomwa kwa vizazi, na Februari 1687 akafariki London, madeni yakiwa makubwa kuliko mali. Nyumba yake kubwa ilikwisha kubomoka. Ile ndogo ya wavuvi ingali imesimama kwenye kona ya Dove, paa na kuta zake nne, na juu ya mlango herufi za watu wawili bado zimeshikana.